Milimita Nne Kutoka Ukutani

Jumatatu, 3 Februari

Wifi mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kukuta bahasha ndani ya boksi la waya. Mdogo wako ndiye aliyenishauri niandike. Anasema mimi na wewe kwenye simu tunakatizana kauli mpaka yeye anasahau alichotuuliza, na barua pepe za kazini zote mhandisi mkuu anapata nakala. Gari la vipuri linakuja huko karakanani kila Jumanne na kurudi huku ofisini Ijumaa, basi tulitumie hilo.

Jambo lenyewe ni kile chumba cha kukaushia mbao tunachowajengea wale watengeneza samani. Wewe unacho kipande cha majaribio: bati lile lile, na mabomba ya mafuta ya moto yale yale nyuma yake. Kitinda, kama mnavyomwita mume wangu huko kwenu, ameshapiga kambi kwenye eneo la ujenzi na anasubiri neno moja tu kutoka kwetu wawili: bati litafika joto gani? Vibao vya kuzuia joto vimegandishwa mgongoni mwa bati kwa gundi, na mwisho wa gundi hiyo ni nyuzi themanini. Ikizidi hapo inalainika, na kila kibao kina uzito wa mtoto wa miaka mitano.

Nimepiga hesabu kwenye kompyuta wiki tatu nzima. Katikati ya chumba hewa ina nyuzi hamsini na tano, na ukutani ni sabini na nne. Nimeona nikutajie jibu kabisa usije ukahangaika kulitafuta. Mhandisi mkuu anataka kipimo chako na hesabu yangu visitofautiane zaidi ya nyuzi tatu. Hapo atatia saini ujenzi uendelee na, hili libaki kati yetu, atanipa ukuu wa kitengo cha hesabu.

Kitinda anasema, "Dada akisema, amesema." Kwa hiyo nakungoja useme.

Wifi yako wa ofisini


Alhamisi, 6 Februari

Kwako Bi Kompyuta, mke wa mdogo wangu,

Marahaba. Waya zimefika, mbili zikiwa zimekatika. Waambie wa stoo waache kuzikunja kama soksi.

Miaka kumi na tisa napima joto katika karakana hii, na hajawahi kutokea mtu wa kunitajia jibu kabla sijashika kipimo. Ni sawa na kumfundisha shahidi cha kusema halafu ndipo umwapishe. Najua hukukusudia ubaya. Lakini sasa kila nikiukaribia ukuta, hiyo sabini na nne yako inanitangulia.

Unasema Kitinda anangoja nimwambie. Nafurahi kusikia kwamba bado ananingoja kwa jambo lolote. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka minne na mimi kumi na tano, na tangu hapo alikuwa hanywi chai mpaka niguse kikombe niseme imepoa. Alipokuja kuwa fundi hakufunga tanuri hata moja bila kunileta niliguse. Siku hizi ananitumia zile picha zako za rangi, nyekundu huku na buluu kule, na chini anaandika: Dada, mtazame mke wangu. Nimemtazama. Rangi zinapendeza.

Sitakuficha, wifi, wivu ninao. Bora nikwambie mwenyewe kuliko uje uusikie kwa watu. Nilidhani ungepungua baada ya harusi, kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unavua viatu ukae.

Tuje kwenye kazi. Nina swali moja. Hiyo sabini na nne iko wapi hasa? Ukisema "ukutani", mimi najua kuna bati lenyewe, na mbele ya bati kuna hewa iliyolilalia, na hivyo ni vitu viwili. Nijibu kwa milimita.

Wifi yako mkubwa


Jumatatu, 10 Februari

Wifi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka hapo pa kuvua viatu, halafu nikaona haya kwa kucheka. Mimi sikuja kumnyang'anya mtu ndugu yake.

Swali lako ni zuri, ila nadhani linakusumbua bure. Kompyuta inaikata hewa ya chumba vipande vidogo vidogo, tuseme visanduku, maelfu kwa maelfu. Kila kisanduku kinabeba namba moja tu ya joto, na namba hiyo ni ya katikati yake. Kisanduku cha mwisho kabisa, kile kinachogusana na bati, nimekipa unene wa milimita nane. Kwa hiyo ile sabini na nne imekaa milimita nne kutoka kwenye bati. Milimita nne, wifi! Ni unene wa biskuti. Ndiyo maana nasema ni ukutani, na kwenye picha inaonekana imeshikana na ukuta kabisa. Usijichoshe na hayo, wewe bandika waya wako tu usome.

Kitinda alikuwa hapa Jumamosi. Anakuonea huruma, anasema macho yako siku hizi yanakupa shida kwenye namba ndogo, na kwamba baada ya mradi huu huenda vipimo vingi vikahamia kwenye hesabu ili upumzike. Nikamwambia utafurahi.

Jambo jingine, nalo limenipa furaha mpaka nashindwa kulinyamazia: amesema safari hii moto wa kwanza niwashe mimi. Nasikia kwenu ni desturi, aliyejua joto kabla ya moto ndiye anayewasha. Nimemuuliza mara mbili kama una taarifa, akasema, "Dada ataelewa."

Nangoja namba zako kwa hamu.

Wifi yako wa ofisini


Alhamisi, 20 Februari

Wifi yangu mpendwa sana,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa wiki nzima. Nilitaka niwe na uhakika.

Nimepima mara tatu: 74.2, 73.8, 74.1. Karatasi yenye muhuri imo ndani ya boksi, mpe mhandisi mkuu. Hesabu yako imenyooka kuliko nilivyotegemea, na mimi ni mtu mzima, nikishindwa nasema nimeshindwa. Hongera.

Na moto wa kwanza uuwashe kwa mkono mwema. Kweli nimeelewa.

Wifi yako mkubwa


Jumatatu, 3 Machi

Wifi, wifi, wifi!

Shikamoo mara tatu. Mhandisi mkuu aliweka karatasi yako na yangu mezani, akaita ofisi nzima waone. Akasema tangu aanze kazi hajaona kipimo na hesabu vikikubaliana hivi, tofauti haifiki hata nusu nyuzi. Nimepewa kitengo. Nina meza yenye droo inayofungika kwa ufunguo, na watu wawili chini yangu ambao wote wananizidi umri na wananiita Mkuu huku wakitazama pembeni.

Kitinda ameanza kugandisha vibao. Moto wa kwanza ni Jumamosi, tarehe 22. Amepanga siku hiyo akae nyuma ya ukuta, kwenye ule ujia mwembamba kati ya vibao na tofali, ili asikilize mabomba yanavyojivuta yakipata moto. Unamjua, haamini bomba ambalo hajalisikia kwa sikio lake. Mimi nitakuwa mbele kwenye swichi. Njoo nawe. Nitakutumia nauli, na usikatae.

Nina kaswali kadogo ka mhasibu wa namba: ncha ya waya uliibandikaje kwenye bati? Uliilehemu, au ulitumia utepe? Ni kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu.

Wifi yako mwenye furaha


Alhamisi, 6 Machi

Wifi,

Marahaba. Nililehemu, kama siku zote.

Nashukuru kwa nauli lakini sitakuja, kazi hapa ni nyingi.

Nina ombi. Huyo Kitinda asikae nyuma ya ukuta siku hiyo. Mwambie asimame mbele pamoja nawe. Mabomba yanasikika hata ukiwa mbele, ni ukaidi wake tu. Usimwambie kwamba nimesema mimi, mwambie ni wewe unataka, mume ataikubali. Usinidai sababu. Mlee mtoto miaka yote ile, utakuja kuwa na hofu zisizo na jina.

Nijibu kwamba umemwambia.

Wifi yako mkubwa


Jumatatu, 10 Machi

Wifi,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta namna ya kutokasirika, nimekosa. Sasa hata mahali pa kusimama mume wangu unapanga wewe? Unataka nimwambie kwa mdomo wangu maneno yaliyotoka kwenye kichwa chako, halafu ukae huko ukijua kwamba bado unamwendesha?

Hujui kuishi na mtu ambaye kila kitu ana dada yake. Nikipika, dada alikuwa anaweka chumvi mwishoni. Nikiumwa kichwa, dada angenigusa paji akajua homa ni ngapi. Nimesoma miaka saba ili niwe mtu wa kuulizwa jambo, na ndani ya nyumba yangu nilikuwa mtu wa kusubiri jibu la karakanani. Wewe umekiri wivu wako mapema na ukaufanyia mzaha, nami nilikusifu moyoni. Sasa nami nakiri wangu: ni mkubwa kuliko wako, tena hauna mzaha.

Namba zako na zangu zimekubaliana. Una muhuri wako pale. Kama kuna kitu unakijua, kiandike. Kama hakuna, mwache mume wangu asimame anapotaka.

Sitamwambia.

Mke wa mdogo wako


Jumapili, 16 Machi

Wifi,

Barua hii simpi dereva wa vipuri kwa sababu Ijumaa ni mbali. Kesho alfajiri nampa kondakta wa basi aifikishe ofisini kwenu kwa mkono wake.

Umesema kama kuna kitu nakijua nikiandike. Haya.

Ulipoandika kwamba namba yako iko milimita nne kutoka kwenye bati, nililehemu waya kwenye bati, nikawasha mafuta nikasoma. Tisini na moja. Nikapumzika, nikasoma tena. Tisini na moja. Nikadhani waya mbovu, nikabadilisha, ikaja tisini na nusu. Ndipo nikachukua njiti ya kiberiti nikaikata vipande viwili vya milimita nne nne, nikaviweka chini ya waya mwingine kama vigoda ili ncha ielee hewani pasipo kugusa. Nikasoma. Sabini na nne nukta mbili.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Niliielewa hesabu yako kuliko ulivyoielewa mwenyewe. Kompyuta yako haikusema uongo, imekupa joto la hewa iliyolala mbele ya ukuta nawe ukaliita joto la ukuta. Katika hizo milimita nne unazoziita biskuti joto linaporomoka nyuzi kumi na saba. Kila mtu aliyewahi kuweka kiganja karibu na sufuria na kisha akaigusa anaijua tofauti hiyo.

Nikachukua karatasi ili nikuandikie hayo. Barua yako ilikuwa pembeni, macho yakaangukia pale pa moto wa kwanza. Miaka kumi na tisa, wifi, mioto thelathini na sita, yote nimeiwasha mimi. "Dada ataelewa." Nikasema moyoni, basi ngoja auwashe. Auwashe mbele ya mhandisi mkuu na matajiri wa samani, vibao vianze kudondoka kimoja kimoja, waulizane hesabu ni ya nani. Nikajaza namba za waya ulioelea. Tatu zote ni za kweli, nilizisoma kwa macho haya mnayoyahurumia. Sikuandika tu zilisomwa wapi. Na ulipouliza kama nililehemu nikakujibu ndiyo, huo ndio uongo wenyewe.

Nilikuchimbia shimo la aibu. Sikujua kwamba nyuma ya ukuta huo atasimama yeye, mpaka uliponiandikia tarehe 3. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba, na anayeelekea kuingia ni mtoto niliyembeba mgongoni.

Utaniuliza kwa nini sikumpigia simu. Kule kwenye ujenzi mtandao haushiki, yeye hupanda barabarani Jumapili tu. Leo amenipigia. Nilikuwa na neno mdomoni. Akaniambia, "Dada, sijawahi kuwa na raha kama mwaka huu. Wewe na mke wangu mmekuwa kitu kimoja." Alikuwa anacheka. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Nilishindwa, wifi. Naandika kwa sababu nilishindwa kusema.

Mzuie. Mwambie mhandisi mkuu ni mimi, mwonyeshe barua hii, nifukuzwe, sijali. Moto ni tarehe 22, muda upo. Vibao vifungwe kwa skrubu badala ya gundi, ni kazi ya siku tatu.

Mimi niliyekosa


Ijumaa, 21 Machi

Wifi,

Habari ya ajali nilikupa kwa simu jana na najua uko njiani. Barua hii nimeiacha mapokezi hapa hospitali na nimewaomba wakupe kabla hujaingia wodini. Ndani tutakuwa na Kitinda katikati yetu, na haya hayasemeki mbele yake. Tena nimegundua kwamba mimi na wewe ukweli wetu unatoka kwa kalamu tu.

Barua yako ilifika ofisini Jumatatu jioni nami nilikuwa nimeshaondoka asubuhi kwenda kwenye ujenzi. Ikanifuata na gari la vifaa vya ujenzi, nikaipata jana, Alhamisi. Mwenye kiwanda cha samani alikuwa na safari, akaomba moto uwashwe Jumatano badala ya Jumamosi. Kwa hiyo nilipoifungua barua yako, Kitinda alikuwa na siku moja hospitalini.

Ningeweza kuishia hapo. Wewe ungebaki na kosa lote, nami ningebaki mjane nusu anayepewa pole. Nimefikiria kufanya hivyo, usidhani sikufikiria.

Nilijua, wifi. Tarehe 5 Machi, kwenye meza yangu mpya. Namba zako zilikuwa nzuri mno. Vipimo vya kweli havikubaliani na hesabu kiasi kile, hata vikiwa vya malaika. Nikairudia kazi. Ile kompyuta ina kanuni yake nyingine ya bati lenyewe, ambayo inatoka kwenye kisanduku cha mwisho na kuruka hizo milimita nne mpaka kwenye chuma. Inabidi uiulize, haisemi bila kuulizwa, na mimi sikuwahi kuiuliza. Nikaiuliza. Tisini na moja.

Nikaizima mashine. Nikajiambia: wifi lazima amelehemu waya, amesoma sabini na nne, ana muhuri, basi kanuni hii ndiyo iliyokosea. Nikajificha nyuma ya uongo wako kabla sijajua kuwa ni uongo. Halafu ikaja barua yako ya kutaka Kitinda asimame mbele, na hapo nikajua kwamba nawe unajua. Wakati ule ule. Sikuhitaji maelezo.

Na unajua nilihisi nini? Sikuogopa kwa ajili yake. Nilichukia. Nilichukia kwamba wewe, bila kompyuta na bila shule, umeufikia ukuta kabla yangu, na kwamba nikimwambia atoke kule nyuma, siku atakapojua sababu atasema tena, "Dada alijua." Ndipo nikakuandikia ile barua ya hasira. Kila neno la wivu mle ndani lilikuwa la kweli, nami nililitumia kama pazia.

Niliwaambia mafundi mafuta yasifike moto kamili, robo tatu tu. Nikadhani gundi itavumilia hiyo saa moja, wageni waondoke, halafu nitatafuta kisingizio cha kufunga skrubu. Mwenye kiwanda akasema amekuja kuona moto, si kuona vuguvugu. Wakafungulia. Mimi ndiye niliyeshika swichi, nikanyamaza.

Dakika ya arobaini tulisikia kibao cha kwanza. Cha pili kilimpata begani. Ujia ni mwembamba, alipoyumba alijishika kwenye bati pale palipobaki wazi, na alishindwa kutoa mkono mara moja kwa sababu vibao vingine vilikuwa vimemwegemea. Mtulinga umevunjika, huo utaunga. Kiganja cha kulia daktari anasema kitapona ngozi, lakini hakitahisi tena moto wala baridi.

Bado hajaniuliza chochote. Ananiomba maji, ananishukuru.

Mwenzako


Jumamosi, 22 Machi. Mapokezi, nyuma ya bahasha yako.

Wifi,

Nimesoma nikiwa nimesimama. Mlinzi ameniletea kiti.

Nilipanda basi nikiwa na maneno ya kukuomba msamaha, na sasa nimekosa pa kuyapeleka. Nataka kukuchukia na sipati nafasi, kila nikianza najikuta nimesimama hapo ulipo. Ungemwambia tu atoke. Na mimi ningemwambia tu, Jumapili ile, simu ikiwa sikioni.

Naingia. Tutamwambia leo, sote wawili, kwa mdomo. Wewe anza kwa sababu ukianza mimi sitaweza kukimbia.


Jumamosi, 29 Machi

Kwa Dada na kwa mke wangu,

Anayeandika ni muuguzi wa zamu ya mchana, mkono wangu bado umefungwa. Anaandika ninavyosema na nimemwomba asinipambie. Nakala ni moja, mtaisoma pamoja.

Jumamosi iliyopita mlipomaliza kusema niliwaomba mtoke, na tangu siku hiyo nimewaambia walinzi nataka kupumzika. Sikuwa napumzika. Nilikuwa napanga maneno, na nimepanga machache.

Mhandisi mkuu amekuja. Nimemwambia kila kitu, barua zenu zote mlizoniachia nimempa. Anataka kuwafukuza nyote wawili. Nimemsihi asifanye hivyo, sijui atakata shauri gani. Dada, sijasahau aliyenilea. Mke wangu, sijasahau niliyemuoa. Nikitoka hapa nitarudi nyumbani, na Dada akija kututembelea atapewa kiti. Sitamfukuza mtu.

Kila mmoja wenu amenieleza jinsi alivyokuwa na wivu juu yangu. Mlieleza vizuri, mkalia, nami nikalia. Muuguzi huyu anasema nina bahati ya kupendwa hivyo. Nimemwambia aandike na hilo.

Lakini kuna jambo moja linanirudia kila nikifumba macho. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 19 ya mwezi huu, wanawake wawili ninaowaamini kuliko watu wote walijua ule ukuta una nyuzi tisini na moja. Mmoja aliujua kwa waya, mmoja kwa hesabu. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.

Chumba kinajengwa upya mwezi ujao. Mpimaji na mpiga hesabu watatoka kampuni nyingine, ni watu nisiowajua na wao hawanijui. Nimeomba iwe hivyo.

Mdogo wako, mume wako
(Imetiwa kidole gumba cha kushoto)